Mechi Niliyoshinda Nikiwa Nimekaa

Lodwar, Jumapili jioni

Akiru mwanangu,

Mama yako amekupeleka kwa shangazi yako ukaombewe, nami nimesingizia goti ili nibaki nyumbani. Goti haliumi. Nimebaki kwa sababu nina jambo la kukuandikia, na siwezi kuliandika huku unapitapita hapa ukitafuta soksi.

Mambo ya safari sitayagusa. Sweta, dawa ya malaria, basi litaondoka saa ngapi, msafara wa polisi wa kusindikiza mabasi mtaungojea wapi, usikae dirishani upande wa jua: hayo mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayarudia stendi. Mimi nataka kukueleza jinsi nilivyocheza tenisi. Unadhani unajua. Unajua nusu, ile nusu niliyokuwa nikiisimulia watu wakicheka.

Unajua babu yako alikuwa akivuta roli la kusawazishia viwanja vya klabu moja kule Kitale, na kwamba nilijifunza kucheza alfajiri, kabla wenye klabu hawajaamka. Tulikuwa wawili, mimi na Wafula, mtoto wa mpishi wa klabu hiyohiyo. Tulicheza kwa raketi mbili zilizotupwa, moja imepinda shingo, na tulikuwa tukipokezana ile iliyopinda kila siku ili mtu asionewe. Wafula alikuwa mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na mpira wake ukigusa chini unakimbia kama umetishwa. Alikuwa bora kuliko mimi. Hii ndiyo mara ya kwanza kuliandika neno hilo mahali popote.

Tulipopita miaka ishirini tukaingia wote kwenye tenisi ya kulipwa. Si ile ya kwenye magazeti. Yetu ilikuwa mashindano madogomadogo, wiki hii Nairobi, wiki ijayo Lusaka, kisha Harare, mnalala wawili chumba kimoja, mnafua kaptura kwenye sinki, mnahangaikia pointi za kuwaingiza kwenye orodha ya dunia. Wafula alikuwa na ule mpira wake. Mimi nilikuwa na subira ya kuudhi watu.

Hiyo ndiyo nusu uliyoisikia. Nilivyokuwa nikifunga kamba za kiatu mwenzangu akiwa ameshainua mkono kuanzisha. Nilivyokuwa nikidunda mpira mara kumi na tano, naacha, naangalia jua, naanza tena. Nilivyomwita mwamuzi ashuke kwenye kiti chake aje aangalie alama ya mpira ambao nilijua kabisa umeingia. Nilivyomwita daktari aninyooshe paja lisilokuwa na kitu, dakika tatu nzima, huku mtu niliyekuwa naelekea kupigwa naye amesimama upande wa pili jasho linamkaukia mgongoni na mkono unapoa. Ulikuwa ukicheka mpaka unalala kwenye mkeka. Jirani zetu walikuwa wakinisihi, "Mwalimu, tueleze ile ya yule Mmisri," nami naeleza jinsi yule Mmisri alivyovunja raketi yake mwenyewe kwa hasira na kunikabidhi mechi.

Sikuvunja sheria. Nilikuwa nikilirudia hilo sana, utakumbuka. Nilikijua kitabu cha sheria kuliko waamuzi, nilijua kila sekunde ninayoruhusiwa, na nilizitumia zote.

Nusu ya pili ni Lusaka.

Ilikuwa robo fainali, na nikapangwa na Wafula. Asubuhi tulikunywa chai meza moja. Mke wake, Nekesa, alikuwa Kitale na mimba ya miezi minane, na Wafula alikuwa ameniambia kwamba baada ya Lusaka hatasafiri tena mpaka mtoto azaliwe. Yeye alitangulia kiwanjani kupasha mwili moto. Mimi nilipofika kwenye lango la klabu nikasikia mtu ananikimbilia nyuma. Alikuwa mfanyakazi wa hoteli, anahema.

"Bwana, si wewe unayelala na Bwana Wafula chumba kimoja? Simu imetoka kwao. Tafadhali mpe sasa hivi."

Akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Niliifungua. Iliandikwa kwamba Nekesa amepelekwa hospitali, anatoka damu, apige simu, na akiweza arudi.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Ndege ya Nairobi ilikuwa ikiondoka saa saba unusu. Nililijua hilo kwa sababu jana yake tulikuwa tumeisoma ratiba pamoja, tukihesabu siku za kurudi nyumbani.

Ningekuambia kwamba sikujua ninachofanya, lakini ungekuwa uongo mwingine, na nimechoka nao. Nilijua. Nilisimama pale langoni nikafikiri hivi: nikimpa sasa, atakwenda ofisini apige simu, huenda wakamwambia hali imetulia, naye atarudi mwepesi anipige. Na akiamua kuondoka, nitapita bila kucheza, na watu watasema nilibahatika. Lakini nikiiweka, ni yangu. Nikishinda kwa mchezo, nitampa mara tu tukishapeana mikono. Nikielekea kushindwa, basi ninayo. Ndivyo nilivyowaza, na sikuchukua hata dakika moja kuwaza. Nikaitia karatasi kwenye mfuko wa kaptura, ule ninaowekea mpira wa pili, nikaingia.

Seti ya kwanza alichukua Wafula. Ya pili nikaichukua mimi kwa taabu na kwa kila hila niliyokuwa nayo. Lakini Wafula alikuwa amelala na mimi chumba kimoja miaka minne, hila zangu alizijua kama alivyozijua soksi zangu. Nikifunga kamba, anafunga na yeye. Nikimwita daktari, anakaa chini anamenya chungwa. Mara moja alinicheka waziwazi, "Ekai, paja lipi leo?" na watazamaji wachache waliokuwepo wakacheka naye. Seti ya tatu akaniongoza tatu kwa moja.

Tulikuwa tunacheza hiyo gemu ya tano niliposikia ndege. Klabu ile haikuwa mbali sana na njia ya ndege, ukisimama kiwanjani unaziona zikipanda. Niliinua macho. Wafula naye aliinua macho, akanitania kwa ishara ya mkono, kama kusema ile pale inakwenda nyumbani. Kisha akanipiga pointi iliyofuata, ikawa nne kwa moja.

Tukaenda kwenye viti kubadilishana pande. Akakaa, akajimwagia maji kichwani. Nikaitoa.

"Wafula, kuna karatasi yako hapa."

"Karatasi gani?"

"Ya kutoka nyumbani."

Akaisoma. Maji yalikuwa bado yanamtiririka usoni, yakadondokea kwenye wino.

"Imefika saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikasema. "Mtu wa hoteli amenipa hapo pembeni."

Akaangalia juu, kule ndege ilikokuwa imepita. Hapakuwa na kitu tena. Akasimama, akamwambia mwamuzi kwamba hawezi kuendelea, kisha akanigeukia akanikumbatia. Mimi nikamkumbatia. Akaniambia sikioni, "Asante, ndugu yangu." Akatoka na raketi mkononi, amesahau mfuko wake na viatu vya kubadili, na watazamaji wakasimama wakapiga makofi. Walikuwa wakinipigia na mimi. Mpiga picha wa gazeti la nyumbani alikuwepo, na wiki ile picha ikatoka, tumekumbatiana, na maandishi makubwa juu yake kuhusu uungwana katika michezo. Mama yako anayo mpaka leo kwenye sanduku. Umeiona. Ulipokuwa darasa la nne uliipeleka shule kuwaonyesha wenzako, na mwalimu wenu akaibandika ukutani mwezi mzima.

Nekesa alifariki kabla hakujakucha. Mtoto alipona, wa kike. Wafula alifika kesho yake jioni, kitanda kimeshatandikwa. Mama mkwe wake alimweleza kwamba Nekesa alikuwa na akili zake timamu mpaka saa kumi alfajiri, anamuulizia, na kila gari likipita barabarani anasema ndiye huyo. Kama angepanda ile ndege ya saa saba unusu, angefika Kitale saa tano usiku. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko hesabu nyingine yoyote maishani mwangu, na kila mara jibu ni lilelile. Ni muda wa saa tano. Saa tano ambazo wangekaa pamoja.

Hakurudi kwenye tenisi. Aliniandikia barua moja fupi ya kunishukuru. Alisema nisingempa ile karatasi angecheza mpaka mwisho kama mjinga, huku mkewe anakufa.

Nami nikaendelea. Nilicheza nusu fainali, nikashindwa. Nikacheza miaka miwili zaidi, na kila nilipokaa kwenye kiti cha kubadilishia pande nilikuwa namwangalia mtu wa upande wa pili nikitafuta pa kumgusia. Ukishaona kwamba mtu anaweza kuangushwa akiwa amekaa, unachoka kukimbia. Mpira wangu ukazidi kulegea. Ndipo nikasingizia goti, nikarudi Lodwar.

Halafu ukazaliwa wewe, ukakua, ukataka raketi.

Niliwahi kukupa nafasi ya kucheza tu? Nakumbuka kile kiwanja cha saruji cha maofisa, kilichopasuka katikati mpaka majani yanaota kwenye ufa, na wewe na miguu yako myembamba unakimbilia kila kitu. Ungekuwa na mwalimu mwingine angekuacha ukimbie. Mimi nilikufundisha kuhesabu sekunde. Nilikufundisha kuomba taulo wakati mwenzako ameshika moto. Siku ulipofunga kamba ya kiatu dhidi yangu mimi mwenyewe, una miaka kumi na miwili, uso umeukaza kama mtu mzima, nilicheka machozi yakanitoka, nikakubeba mabegani mpaka nyumbani nikimwambia kila niliyekutana naye, huyu ni damu yangu. Na jioni moja, tumekaa kwenye ukingo wa kiwanja, nilikuambia kwamba mechi inachezwa pia watu wakiwa wamekaa. Nililisema kwa majivuno, kama siri ya ukoo. Nilikuwa nakupa Lusaka bila kukuambia jina lake.

Sasa nifike kwenye mechi yako na Achol.

Wewe na Achol wote ni wanafunzi wangu. Wewe nakufundisha hapa, yeye namfundisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma Jumanne na Alhamisi, kwenye kile kiwanja cha udongo tulichokichora kwa majivu na wavu tulioushona kutokana na nyavu kuukuu za wavuvi wa Lowarengak. Unajua alivyofika pale kutoka Sudan na mama yake na wadogo zake wawili. Unajua pia kwamba faili lao la kwenda Australia lina mwaka wa tatu, na kwamba kila asubuhi kabla ya kuteka maji anapita kwenye ubao wa matangazo kutafuta jina la mama yake. Unajua kwa sababu mimi nilikueleza, tukiwa tunakula, nikikutaka umhurumie.

Yule mama aliyetoka Nairobi kuchagua wachezaji alisema wazi kwamba ana nafasi moja tu kwa Turkana nzima. Atakayeshinda anakwenda kwenye kituo cha mazoezi, na kutoka hapo anaanza kucheza tenisi ya kulipwa. Achol alikuja kwa lori, akalala kwa watu wa kanisa, akaingia kiwanjani na viatu vyako vya zamani ulivyompa mwenyewe mwaka jana. Akakuchukua seti ya kwanza sita kwa tatu. Ya pili alikuwa anakuongoza nne kwa moja. Nilikuwa nimekaa upande wa wavu, nikiwatazama wote wawili, na nikajua kwamba ndivyo ilivyo: Achol ni bora kuliko wewe. Samahani, mwanangu. Kwa siku ile alikuwa bora.

Mkaenda kwenye viti. Nikakuona umemwinamia, mkono wako begani mwake, kama mtu anayempa pole mwenzake. Achol akainua kichwa akatazama barabara ya Kakuma. Baada ya hapo hakuuona mpira tena. Ulishinda gemu kumi na moja mfululizo. Alipokupa mkono alikuwa ameshavua viatu, akakimbia pekupeku kulidaka lori la mahindi lililokuwa likielekea kambini.

Jioni ile, mezani, nikakuuliza.

"Ulimwambia nini Achol pale kwenye viti?"

Ukalamba vidole. "Nilimwambia majina ya Australia yamebandikwa leo, na watu wanaitwa mahojiano leo leo. Asiyekuwepo, faili lake linarudishwa chini kabisa."

"Yalikuwa yamebandikwa?"

"Sijui. Labda." Ukacheka. "Baba, si wewe ulisema mechi inachezwa pia watu wakiwa wamekaa?"

Mama yako alikutazama, kisha akanitazama mimi, akangoja. Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Kula samaki, anapoa."

Nitakuambia kilicho kibaya zaidi. Kwa muda mfupi, kabla sijamfikiria Achol, nilifurahi. Nilikuona umekuwa mchezaji. Halafu nikajaribu kujifariji kwamba mimi angalau karatasi yangu ilikuwa ya kweli, na wewe ulitunga. Fikiria baba anayekaa mbele ya mwanawe akijipima naye ili aone nani mwovu kidogo. Usiku ule ndipo nilipoanza tena kuumwa goti, lile lisilouma, na mkaniacha nilale nje peke yangu.

Wiki iliyofuata nilikuambia nakwenda Kitale kununua nyuzi za raketi. Nilikwenda kwa Wafula. Ana mashine ya kusagia mahindi karibu na soko. Amenenepa, nyusi zake nyeupe kwa unga, na aliponiona akaacha kila kitu akaja kunikumbatia, akaniachia unga kwenye koti. Akaagiza chai. Akaniuliza habari zako kwa jina. Nikamwambia pale pale, kabla chai haijafika, kwa sababu nilijua nikishainywa sitasema. Nikamwambia saa niliyopewa karatasi na saa niliyompa.

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige.

"Ekai," akasema, "siku ile yote kwangu ni giza. Kitu kimoja tu cha siku ile nilikuwa nakikumbuka bila kuumia. Ni wewe, kunipa ile karatasi. Nilikuwa nawaambia watu, katika yote yaliyonipata nilikuwa na rafiki. Mtoto wangu nimemlea na habari hiyo. Sasa umekuja kunichukulia hicho nacho. Kwa nini?"

"Nilitaka ujue."

"Mimi nijue, au wewe upumzike?"

Akainuka, akawasha mashine. Ukiwa karibu na mashine ile huwezi kuzungumza. Akahudumia mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kunitazama. Chai ikaletwa ikawekwa mbele yangu, ikapoa ikaota unga juu. Nikaondoka. Kwenye basi nililala nimefumba macho mpaka Kalemng'orok ili mtu asinisemeshe.

Kwa hiyo, Akiru, usinielewe vibaya. Siandiki kukuambia kwamba ukikosa ukakiri, mambo yanakaa sawa. Mimi nimekiri, na nimemwacha mtu masikini kuliko nilivyomkuta. Kuna kitu ambacho wakati wake ni mmoja tu, kama ile ndege. Ukichelewa, ukweli wenyewe unakuwa ni kumpiga mtu mara ya pili. Sijui ningefanya nini badala yake. Ningeweza kunyamaza, lakini kunyamaza ndiko kulikonifanya nikuambie ule samaki siku ile.

Jumatano iliyopita nilikwenda posta kumpigia simu yule mama wa Nairobi. Yule karani wa simu akanisalimu, "Ejok, mwalimu, binti anatuacha!" nikamwambia ndiyo. Nilipounganishwa nikamweleza yule mama kila kitu, ulichomwambia Achol, na nani aliyekufundisha. Nilimwomba mechi irudiwe. Kama haiwezekani, nikamwomba atafute nafasi ya pili.

"Mzee," akasema, "sisi tunatafuta washindi. Mwamuzi aliona kosa?"

"Hapana."

"Basi. Hayo ya kwenye viti hayamo kwenye sheria. Na nikuambie ukweli, huko anakokwenda wanafanyiana makubwa kuliko hayo. Afadhali ameanza mapema. Mlete mtoto."

Akakata. Nilibaki na mkonga wa simu sikioni, nikisikia maneno yangu mwenyewe ya miaka yote yakitoka kwenye mdomo wa mtu nisiyemjua. Hayamo kwenye sheria.

Hivyo nafasi ni yako na kesho unaondoka. Nilijaribu kukuondolea bila wewe kujua, na sasa unajua. Ukitaka kunikasirikia, una haki. Sikuambii uiache. Una miaka kumi na minane na miguu mizuri, na sioni kama ukikaa hapa Lodwar Achol atapewa chochote. Lakini usiende ukidhani ulishinda. Mimi nilikwenda Harare nikidhani hivyo, na nikaendelea kudhani mpaka nikasahau jinsi ya kucheza. Huko mbele utakutana na watu watakaofunga kamba zao, watakaolia, watakaokwenda chooni wakarudi baada ya robo saa. Mmoja atajua jina la mtu unayempenda na atalitumia. Siku hiyo nitakuwa mbali, na utakumbuka mkono wako ulivyokuwa begani mwa Achol, na huyo aliyekufanyia utamwelewa vizuri sana. Hiyo ndiyo adhabu yenyewe, kwamba hutaweza hata kumkasirikia.

Limebaki moja.

Alhamisi nilikwenda Kakuma kama kawaida. Achol hakuja mazoezini, na hakuwa amekuja tangu siku ya mechi. Nikavuka korongo la Tarach, nikaenda mpaka kwao. Mama yake alikuwa anapepeta mtama mlangoni, akanipa kigoda. Achol akatoka ndani. Nikamwambia kwamba ulimdanganya, na kwamba ni mimi niliyekufundisha, na kwamba nimepiga simu Nairobi na haikusaidia.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilijua ni uongo nilipofika kwa ubao. Lori ilifika usiku, kwa hivyo sisi na mama tulienda kesho yake asubuhi mapema. Ubao ilikuwa na karatasi ya mwezi jana tu. Mama alisoma yote, jina kwa jina. Akarudia tena. Ndio tukarudi nyumbani."

"Nisamehe," nikasema.

Alikaa kwenye ardhi, akachora kitu kwa kijiti, akafuta.

"Lakini kwa ile lori, mimi nilikuwa na furaha sana. Nilikaa juu ya gunia, naimba. Niliambia hata dereva, mimi naenda Australia. Masaa tatu yote mimi nilikuwa mtu ya kuenda." Akakitupa kijiti. "Hiyo ndio inaniuma. Si mechi. Mechi nilikuwa nashinda."

Mama yake aliacha kupepeta. Nadhani alielewa neno Australia. Nikaona ni heri niondoke, nikainuka. Achol akanisindikiza mpaka kwenye ukingo wa korongo. Pale pa kuachana akaniuliza, "Akiru anaenda lini?"

"Jumatatu."

Akafikiri. Nilijiweka tayari kwa lolote atakalonituma nikuambie, na niliahidi moyoni kwamba nitakuambia neno kwa neno, hata liwe tusi.

"Mwambie ile mpira yake ya pili ya kuanzisha ni laini sana," akasema. "Ya kwanza ikikosa, anaogopa, anasukuma tu. Mimi nilikuwa nangojea hiyo ya pili, nakula. Huko pia watakula. Akunje goti, na arushe mpira juu zaidi."

Akageuka akarudi kwao.

Ni kweli, Akiru. Nimeitazama mipira yako ya pili miaka sita, na sikuwahi kukuambia.

Mimi baba yako,
Ekai